Boti inaruka, inateleza, haipinduki: kutibu matatizo ya kuelea kwenye gemu

Gemu ninayotengeneza inachezwa usiku, mbele ya mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma. Boti za dagaa zinatoka jioni, taa zinawashwa, na mchezaji anatakiwa kurudi alfajiri akiwa na mzigo na roho yake. Samaki, giza na taa havikunisumbua sana. Maji na boti ndivyo vilivyonikalisha miezi, na karibu kila tatizo lililoorodheshwa hapa chini nimelala nalo.

Mwanzoni nilikuwa nikitibu kwa kubahatisha: navuta kitelezi hiki, napunguza kile, boti inatulia kidogo, kesho inaharibika upya. Mambo yalibadilika siku niliyochukua futikamba nikashuka mwaloni. Nahodha mmoja mzee alinikuta napima boti yake ndogo ya mbao, akauliza, "Kijana, unataka kuinunua?" Nikamwambia, "Hapana mzee, nataka kuijenga kwenye simu." Alicheka, lakini akanishikia ncha ya futikamba. Nilirudi na namba ambazo nitazitumia kote humu, nikizirahisisha ziwe sanduku: urefu mita 6, upana mita 1, kina cha ubavu sentimita 60, na uzito wa kilo 800 ukijumlisha mashine, mafuta, nyavu na wavuvi.

Namba hizo ni muhimu kwa sababu injini ya gemu, yaani programu inayoiendesha gemu na kuhesabu fizikia yake, haijui boti. Inajua kilo, mita na sekunde. Ukiipa vipimo vya kweli, makosa mengi yanajifichua yenyewe. Ukiipa vya kubuni, utatibu homa bila kujua ugonjwa.

Kanuni ni ileile ya Archimedes: maji yanasukuma juu kwa nguvu sawa na uzito wa maji yaliyosukumwa pembeni. Kwenye msimbo, kani = msongamano wa maji × 9.81 × ujazo uliozama. Maji baridi yana kilo 1,000 kwa mita moja ya ujazo. Mifano mingi utakayoikuta inatumia 1,025, ambayo ni ya bahari. Ziwa letu ni la maji baridi, lakini tofauti hiyo ya asilimia mbili na nusu hakuna jicho litakaloiona, usipoteze jioni kwa ajili yake.

Boti inarushwa angani mara gemu inapoanza

Hili ndilo la kwanza kwa kila mtu. Unabonyeza kitufe cha kuanza, boti inagusa maji, inapaa kama kombora, wakati mwingine namba za mahali ilipo zinageuka kuwa takataka.

Angalia uzito kwanza. Unity na Godot, injini mbili za gemu, zote huupa mwili mpya (kitu chochote cha kifizikia) kilo 1. Sasa fikiria: eneo la boti yetu juu ya maji ni mita 6 za mraba, kwa hiyo kila mita moja ya kuzama inaleta kani ya 1,000 × 9.81 × 6, yaani niutoni 58,860. Maji hapo ni kama springi. Springi hiyo ikibeba kilo 800, inatikisika kwa kasi ya radiani 8.6 kwa sekunde, na hatua ya fizikia (muda kati ya hesabu moja ya injini na inayofuata) ya sekunde 0.02 inaimudu bila shida. Springi hiyohiyo ikibeba kilo 1 inatikisika kwa radiani 243 kwa sekunde. Zidisha kwa 0.02 unapata 4.9, wakati mpaka wa usalama wa hesabu za aina hii ni 2. Ukivuka 2, kila hatua inarusha boti mbali zaidi ya hatua iliyotangulia. Ndiyo maana inapaa. Hakuna kitelezi kitakachoiokoa hapo. Andika kilo 800.

Kama uzito uko sawa na bado inaruka, kuna sababu tatu nilizozikuta, kwa mpangilio wa mara ngapi zinatokea. Ya kwanza: unatumia nukta nne za kuelea, yaani sehemu za boti ambapo msimbo unapima kina na kusukuma juu, lakini kila nukta inapewa ujazo wa boti nzima. Gawanya kwa nne. Ya pili: hukuweka kikomo. Boti ikitumbukia mita tano chini, msimbo wako unahesabu kina cha mita tano kana kwamba ubavu una urefu huo, ilhali ubavu una sentimita 60 tu. Kina cha kila nukta kibanwe kati ya sifuri na 0.6, kwa sababu boti iliyokwisha kuzama yote haina ujazo mwingine wa kuongeza. Ya tatu ni ya wanaotumia injini ya Unreal: kule kipimo ni sentimita, na mvutano ni 980. Ukileta fomula ya mita bila kugeuza, makosa yanakuja kwa mamia na kwa mamilioni, kwa sababu ujazo unakwenda kwa kipeo cha tatu.

Karibu na katikati ya ramani iko shwari, ikienda mbali inazunguka kama pia

Hili lilinila siku nne na sitalisahau. Unity ina amri ya kusukuma, AddForceAtPosition, na pale unaipa mahali pa nukta kwenye dunia nzima ya gemu. Godot ina apply_force, na pale unaipa umbali wa nukta kutoka kwenye mwili wenyewe, ukielekezwa kwa mhimili wa dunia. Ukihamisha msimbo kutoka injini moja kwenda nyingine bila kulijua hilo, boti iliyo kwenye sifuri ya ramani itaelea vizuri kabisa, kwa kuwa hapo vipimo viwili vinalingana. Ukisafiri mita 200, kani inashikwa kwenye mkono wa mita 200. Katika Godot, toa mahali pa mwili kutoka kwenye mahali pa nukta kabla hujaipeleka kani. Mstari mmoja tu.

Inadunda juu chini bila kutulia

Hakuna kinachopunguza mwendo. Boti halisi ikidunda inasukuma maji, inatengeneza mawimbi madogo, nguvu inaondoka nayo. Yako haina pa kuipeleka.

Kwa boti yetu, kizuizi kinachotosha kuituliza bila kudunda hata mara moja ni 2 × kipeuo cha pili cha (58,860 × 800), karibu niutoni 13,700 kwa kila mita moja kwa sekunde. Usitumie yote. Mimi naanza na theluthi yake, nagawanya kwa nukta nne, kisha nasikiliza macho yangu. Boti isiyodunda kabisa inaonekana imegandishwa kwenye ugali.

Kuna masharti mawili. Kizuizi kifanye kazi kwenye nukta zilizo ndani ya maji tu, la sivyo boti iliyorushwa na wimbi itashuka polepole kama unyoya. Na kasi unayoizuia iwe ya boti ukilinganisha na maji, si ukilinganisha na dunia. Uso wa wimbi unapopanda kwa mita moja kwa sekunde na boti inapanda nao, hakuna cha kuzuia. Ukizuia mwendo wa dunia, utaona boti inachelewa: wimbi linainuka na kuifunika omo (mbele ya boti), kisha boti inakurupuka nyuma yake.

Imekaa chini mno au juu mno

Gawanya. Kilo 800 kwa 1,000, kisha kwa mita 6 za mraba: sentimita 13. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuzama ikiwa imetulia. Ikikaa chini zaidi, kuna uzito umeusahau, mara nyingi ni kolaida (umbo lisiloonekana la kugongana) ya mzigo iliyounganishwa na boti. Ikikaa juu zaidi, nukta zako ziko chini ya sakafu ya boti. Basi.

Wimbi linapita ndani ya boti, au boti inaelea hewani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa kuna magonjwa matatu yenye dalili moja.

Mawimbi unayoyaona yanachorwa na sheda, programu ndogo ya kadi ya michoro. Boti inaelea juu ya mawimbi yanayohesabiwa na skripti, msimbo wako wa gemu. Ni maziwa mawili, na kazi yako ni kuyafanya yawe moja.

Ugonjwa wa kwanza ni saa. Jiulize: tatizo lipo tangu mwanzo, au linatokea baadaye? Kama linatokea baada ya kubadilisha sini (sehemu ya gemu inayopakiwa) kwenye Unity, sababu ni kwamba saa ya sheda inaanza upya sini inapopakiwa, wakati saa ya skripti inaendelea tangu gemu ilipowashwa. Kama linatokea baada ya saa moja kamili kwenye Godot, ni kwa kuwa saa ya sheda kule inarudi sifuri kila sekunde 3,600 kwa mpangilio wa kawaida. Dawa ni moja kwa zote: tunza saa yako mwenyewe kwenye skripti, ipeleke kwenye sheda kila fremu, na pande zote mbili zisome hiyo tu.

Kwenye simu kuna jambo la ziada. Watu wetu wengi watacheza kwenye simu za bei ya kawaida, na sheda za simu mara nyingi hutumia namba za biti 16 ili kuokoa betri. Namba hiyo ikipita 2,048 haiwezi tena kuhesabu moja moja; inaruka mbili mbili. Mawimbi yanaanza kukatika kama mkanda mbovu baada ya nusu saa ya kucheza, na wewe kwenye kompyuta huoni kitu. Saa na mahali pa wimbi viwekwe kwenye namba za biti 32.

Ugonjwa wa pili ni wa mawimbi ya Gerstner, yaliyopewa jina la mwanahisabati wa Bohemia aliyeyaeleza mwaka 1802. Yanapendwa kwa sababu yanachongoka juu na kutandaza chini kama mawimbi ya kweli. Yanafanya hivyo kwa kusogeza kila nukta ya maji pembeni, siyo juu na chini tu. Maana yake: nukta iliyoanzia kwenye mita 10 huenda sasa iko kwenye mita 10.4. Skripti yako ikiuliza "kimo cha maji pale mita 10 ni kipi?" na ikaiweka 10 moja kwa moja kwenye fomula, inapata kimo cha maji yaliyokwisha hama. Wimbi lenye kimo cha nusu mita kutoka katikati linaweza kusogeza maji nusu mita. Boti yetu ina upana wa mita moja. Umekosea nusu ya upana wake.

Tiba yake ni kurudi nyuma hatua kwa hatua. Chukua mahali unapopataka, hesabu maji ya hapo yamesogea kiasi gani, yatoe, hesabu tena kutoka pale ulipofika, yatoe tena kwenye mahali pa mwanzo. Mara tatu au nne zinatosha. Kisha ndipo usome kimo. Mimi niliweka vijiti vyekundu juu ya uso wa maji kila mita moja, vikifuata skripti, nikawa natazama kama vinazama au vinabaki juu. Vijiti havidanganyi, na mpaka leo viko kwenye mradi, vimefichwa tu.

Ukiona vilele vya mawimbi vinajikunja na kujifunga kitanzi, mawimbi yako ni makali mno. Kwa kila wimbi zidisha ukali wake, yaani kimo kutoka katikati mara 2π, gawanya kwa urefu wa wimbi. Jumla ya mawimbi yote isipite 1.

Ugonjwa wa tatu ni wa wale wanaosoma kimo kutoka kwenye picha iliyohesabiwa na kadi ya michoro. Jibu linarudi likiwa limechelewa fremu kadhaa. Kwa boti chache, hesabu upya kwenye skripti. Nukta nne kwa mawimbi manne ni kazi ndogo mno hata kwa simu.

Na kama mawimbi yanalingana na boti lakini ziwa linaonekana kama beseni, rekebisha kasi. Kwenye maji ya kina kirefu kasi ya wimbi haichaguliwi, inatokana na urefu wake: 1.25 × kipeuo cha pili cha urefu kwa mita. Wimbi la mita 10 linakwenda karibu mita 4 kwa sekunde, na linapita kila baada ya sekunde mbili na nusu. Wimbi la mita 40 linakwenda karibu mita 8. Tanganyika ina kina cha mita 1,470 pale palipo pa chini kabisa, kwa hiyo fomula ya kina kirefu inakutosha mpaka karibu kabisa na ufuko.

Inapinduka ovyo, au haipinduki hata ukitaka

Anza na lile rahisi. Ikipinduka yenyewe, kitovu cha uzito kiko juu mno. Injini inakikadiria kutokana na kolaida, na kama umeweka kolaida ya paa au mlingoti, kimepanda. Kishushe kwa mkono.

La pili ndilo lililonifundisha zaidi. Kwenye safari moja kuelekea vijiji vya kaskazini, abiria wanne walisimama kwa pamoja kupiga picha. Boti iliyokuwa imetulia ikaanza kulegea chini yetu, ule ulegevu wa polepole unaousikia kwenye tumbo kabla ya macho. Nahodha hakupiga kelele. Alisema tu, "Jamani, kaeni," kwa sauti ya mtu aliyewahi kuona kinachofuata. Niliporudi nikajaribu jambo hilohilo kwenye gemu: watu wanne wakasimama, boti haikujali. Gemu ambayo msingi wake ni hatari ya ziwa, na ziwa halina hatari.

Kosa lilikuwa mahali pa nukta. Karibu kila mfano unaweka nukta nne kwenye pembe nne za boti. Inaonekana ni haki, lakini boti halisi inaelea kwa sakafu yake yote, si kwa pembe zake. Ukifanya hesabu ya sanduku, ukinzani wa kulala ubavu unategemea upana kwa kipeo cha pili ukigawanywa kwa 12. Ukiweka nukta kwenye kingo unagawanya kwa 4. Boti yako ni ngumu mara tatu ya ile ya kweli. Ukitaka nukta nne zitende kama sakafu nzima, ziweke umbali wa 0.29 ya upana kutoka mstari wa katikati, kila upande, na 0.29 ya urefu kwenda omo na tezi (nyuma). Kwa upana wa mita 1, ni sentimita 29 badala ya 50.

Baada ya kuzisogeza, namba zikaanza kuongea. Boti yetu inastahimili ikiwa kitovu cha uzito kiko chini ya sentimita 69 kutoka sakafuni. Tuseme boti yenyewe na vifaa ni kilo 500, kitovu chake sentimita 30. Watu wanne kilo 300. Wakikaa, kitovu cha miili yao kiko karibu sentimita 55, na cha pamoja kinakuja 39. Kuna akiba ya sentimita 30. Wakisimama, kitovu chao kinapanda mpaka mita 1.05, cha pamoja 58, na akiba inabaki 11. Theluthi mbili ya usalama imeondoka kwa sababu ya picha. Sasa kwenye gemu yangu watu wakisimama unaona boti inalegea vilevile, na mchezaji wa kwanza niliyempa simu, mvuvi, alisema "kaeni chini" kwa wahusika wa kwenye skrini.

Kwa hilo lazima watu wawe na uzito wao unaohama, si picha tu. Kila anapokaa au kusimama, hesabu upya kitovu cha uzito.

Inateleza kama sabuni kwenye kona

Unageuza usukani, omo inageuka, lakini boti inaendelea kwenda ilikokuwa ikienda. Umetumia kizuizi cha kawaida cha injini, ambacho ni sawa kwa pande zote. Boti haiko hivyo. Ubavu wake ndani ya maji ni mita 6 kwa sentimita 13, karibu mita 0.8 za mraba za ukuta bapa. Mbele ni mita 0.13 tu na imechongoka. Kwa kasi ya mita 1 kwa sekunde, ukuta ule unakinza kwa karibu niutoni 400, na mbele kwa karibu 20. Tofauti ni mara ishirini.

Basi zima kizuizi cha injini, au kiache kidogo sana. Geuza kasi iwe kwenye mhimili wa boti, kisha tumia nusu ya msongamano × mgawo wa umbo × eneo × kasi kipeo cha pili, kila upande na namba zake. Angalia jambo moja: kipeo cha pili kikikutana na kasi kubwa, hatua moja inaweza kukinza kupita kiasi na kuirudisha boti nyuma. Weka kikomo kwamba ukinzani hauwezi kuondoa zaidi ya mwendo uliopo.

Mtu akilalamika boti inakwenda kasi isiyoaminika, ongeza ukinzani wa mbele uwe mkali kuanzia 1.25 × kipeuo cha pili cha urefu wa boti. Kwa mita 6 ni karibu mita 3 kwa sekunde. Ni fomula ileile ya kasi ya wimbi, na sababu ni moja: boti ikifika hapo, wimbi inalolitengeneza lina urefu sawa nayo, na inaanza kupanda mlima wake yenyewe.

Kuhusu usukani: bamba la usukani halina nguvu chombo kikiwa kimesimama, kwa kuwa kani yake inatokana na maji yanayopita. Mashine ya nyuma inayogeuzwa kwa mkono ni tofauti, inaelekeza msukumo wenyewe, kwa hiyo inageuza boti hata ikianzia sifuri. Usizichanganye.

Omo inazama ukiongeza mafuta. Mashine inasukuma hewani

Msukumo umeuweka juu ya kitovu cha uzito. Ushushe mpaka pale propela ilipo kweli, chini ya sakafu, tezini. Na kabla ya kuutoa, uliza kama propela iko ndani ya maji. Wimbi likiinua tezi, msukumo ukatike na sauti ya mashine ipande. Sauti ile peke yake inamwambia mchezaji hali ya ziwa kuliko mawimbi yote uliyoyachora.

Maji yanaonekana ndani ya boti

Uso wa maji ni shuka moja linalopita kila mahali, pamoja na tumboni mwa boti. Tengeneza kifuniko kisichoonekana kinachoziba mdomo wa boti, kichorwe kabla ya maji, kiandike kina chake tu bila rangi. Maji yatakayofuata yatakataliwa pale.

Lakini ukishayafukuza ya uongo, lete ya kweli. Boti za mbao zinavuja, hata zikipigwa kalafati vizuri, na kila safari kuna mtu mwenye dumu lililokatwa anafua maji ngamani. Sentimita 10 za maji kwenye sakafu ya mita 5 za mraba ni lita 500, kilo 500. Ubaya wake si uzito tu: boti ikilala kidogo, maji yote yanakimbilia upande huohuo na kuilaza zaidi. Ongeza uzito huo kama mzigo mmoja, na kila hatua usogeze mahali pake kuelekea ubavu ulio chini, kwa ucheleweshaji kidogo ili maji yaonekane yanabingirika. Ukiyaweka katikati yasihame, umetengeneza jiwe la kutuliza, na mchezaji atafurahia kujaza boti maji.

Picha inatetemeka, namba ziko sawa

Ni kamera. Fizikia inakwenda mara 50 au 60 kwa sekunde, skrini ina mwendo wake. Washa ulainishaji wa mwendo kwenye mwili. Unity inao siku nyingi, Godot 4 kwa gemu za pande tatu (3D) kuanzia toleo la 4.4. Nguvu zote zibaki kwenye hatua ya fizikia, si ya fremu.

Meli kubwa inacheza kama kizibo

Sikuweza kutengeneza gemu ya Kigoma bila Liemba, meli kongwe ya abiria ya ziwa hili. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande mpaka Dar es Salaam na kupanda reli hadi hapa, ikaunganishwa na kushushwa majini 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Ina urefu wa karibu mita 71 na upana wa mita 10. Niliiweka ziwani na nukta zangu nne, ikaanza kurukaruka kwenye mawimbi ya mita 10. Niliona haya.

Mawimbi mafupi chini ya meli ndefu yanafutana: hapa linainua, mita tano mbele linashusha. Nukta nne haziwezi kuona kufutana huko. Kila moja inakutana na kilele au bonde kwa bahati. Kuna njia mbili. Ongeza nukta ziwe safu za kutosha, kila wimbi lipate angalau nukta mbili au tatu ndani ya urefu wake. Au, kwa simu, meli isikie yale mawimbi marefu tu: nimeipa yenye urefu kuanzia nusu ya urefu wake, mengine yanapita ubavuni kama picha. Ya pili ni nafuu na hakuna aliyeigundua.

Boti ikifunga ubavuni mwa meli, kamba inatetemeka na boti inalipuka

Vituo vingi vya Liemba ziwani havikuwa na gati, na boti ndogo ndizo zilizokuwa zikiifuata huko nje kushusha na kupandisha watu na magunia. Nilitaka tukio hilo kwa moyo wote. Lakini injini ya fizikia ikiunganisha kwa kamba kilo 800 na tani zaidi ya 1,000, inashindwa kuzipatanisha. Uwiano ukipita kama kumi kwa moja, viungo vinaanza kutetemeka.

Toa meli kwenye mashindano hayo. Iwe mwili unaoendeshwa na skripti, ikifuata mawimbi yake marefu, isiyosukumwa na yeyote. Boti ndogo ifungwe kwake kwa springi laini badala ya kiungo kigumu, na kizuizi chake kihesabiwe kwa kilo za boti peke yake. Upande wa meli usio na upepo, punguza kimo cha mawimbi kwa theluthi mbili ndani ya mita kumi na tano za ubavu. Hapo boti inatulia, kamba inalegea na kukaza taratibu, na mama mwenye gunia la dagaa anapata nafasi ya kunyoosha mkono juu, ashikwe, apande.